Bakuli halirudi tupu

Jumamosi alfajiri mama alinitia bakuli mkononi kana kwamba ningali na miaka tisa. "Peleka chumba cha tatu," akasema, "na usisimame kupiga soga, mbaazi zapoa." Mbaazi za nazi zilikuwa zimefunikwa kwa sahani, na juu ya sahani mahamri manne ndani ya kitambaa. Nikapita ukumbini mwa nyumba yetu ya Likoni, hatua kumi na moja, nikabisha hodi, nikapokewa, nikarudi mikono mitupu. Jioni mtoto wa chumba cha tatu akaleta bakuli. Ndani mlikuwa na maembe ngowe mawili, moja limeiva mpaka linanukia ukumbi mzima.

Asante ilisemwa mlangoni asubuhi ile ile, lakini hiyo haikuhesabiwa. Kilichohesabiwa ni maembe. Huku Likoni chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikosa cha maana watia ndimu. Ukikosa ndimu watia chumvi kidogo iliyofungwa kwenye karatasi, na marehemu bibi aliwahi kurudishia mtu sufuria ikiwa na mkaa vipande vitatu, na mwenye sufuria akafurahi kweli kwa sababu ilikuwa siku ya mvua.

Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili mnayoijua: vyumba sita, ukumbi katikati, choo kimoja na bomba moja uani. Wamepita humo Wadigo, Wagiriama, Wakamba, Wataita, Wajaluo, na mwaka mmoja kijana wa Kinyarwanda aliyekuwa dereva wa lori. Katika nyumba ya namna hiyo vyombo huchanganyika. Kwa hiyo mama, kama wanawake wengi wa mtaa huu, huvitia alama kwa rangi ya kucha. Alama yake ni nukta mbili nyekundu chini ya kitako. Arusini, matangani, kwenye hitima, wanawake huvigeuza vyombo juu chini mwisho wa shughuli na kila mmoja huondoka na vyake. Wakati mwingine hata chapa ya kiwanda imeshafutika, nukta zingaliko.

Novemba ndio mwezi ambao mabakuli hayo huenda mbio zaidi. Kusi imekwisha, kaskazi haijakaza, na katikati ya pepo hizo kuna wiki za joto lisilo na pa kupumulia. Mvua za vuli hunyesha kwa ghafla, saa moja, kisha jua. Embe zimeanza. Hoteli za Diani huanza kuita vibarua wa msimu wa Desemba, kwa hiyo nyumba iliyokula ugali na mchicha tangu Agosti yaweza kunukia samaki wa kupaka. Na wanafunzi wa kidato cha nne wako katikati ya mtihani, jambo ambalo huku linawahusu hata wasio na mtoto. Mitihani ikikaribia, redio ya chumba cha pili huzimwa bila mtu kuombwa.

Katika wiki hizo hizo ndipo dada yangu hupiga simu kutoka Dallas. Yuko kule mwaka wa nane sasa, analea wazee katika makao yao. Hupiga saa tatu usiku yetu, ambayo kwake ni saa sita mchana, wakati wa mapumziko ya chakula. Mwaka jana alimweleza mama kwamba Alhamisi ile angekuwa nyumbani, kazi zimesimama, ni siku ya Wamarekani ya kushukuru.

"Wamshukuru nani?" mama akauliza.

"Mungu, mama. Na wenyewe kwa wenyewe. Twala bata mzinga."

"Huyo bata mzinga aliwa na watu wangapi?"

"Wanane."

"Na jirani?"

Simu ikanyamaza kidogo. "Mama, huku jirani huwezi kumgongea mlango hivi hivi."

"Ala. Basi mwashukuru ndani kwa ndani."

Sikutaka dada aonewe, nikaingilia. Nikamweleza mama nilivyosoma: kwamba mwaka 1621 walowezi wa Kiingereza waliokuwa wamefika Plymouth, katika Massachusetts ya leo, walivuna mavuno yao ya kwanza wakala karamu pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa nchi, ambao walikuja na paa waliowawinda. Kwamba Abraham Lincoln aliitangaza siku ya taifa zima mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, na kwamba bunge lao lilikuja kuifunga kisheria mwaka 1941 iwe Alhamisi ya nne ya Novemba. Mama alisikiliza huku akichambua mchele. Akauliza hao wenyeji walioleta nyama walikuwaje baadaye. Nikamwambia ukweli. Mwaka 1675 vita vilizuka baina ya pande zile mbili, wenyeji wakavunjika, ardhi ikaenda. Tangu 1970 baadhi ya vizazi vyao hukutana Plymouth siku hiyo hiyo ya bata mzinga, nao huomboleza.

Mama akapeta mchele mara mbili tatu. "Kumbe bakuli halikurudi," akasema.

Waswahili tuna maneno mengi ya kusema juu ya asiyeshukuru kuliko ya kumsifu anayeshukuru. Fadhila ya punda mateke. Tunaijua methali hiyo kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Na hata neno asante lenyewe, ukilifuata mpaka asili yake ya Kiarabu, ni ahsanta, maana yake umetenda vyema. Anayesema asante anatoa hukumu juu ya tendo la mwenzake, hajasema lolote bado juu ya atakachofanya yeye. Hilo la pili, la atakachofanya yeye, ndilo bakuli.

Kuna shukrani nyingine ambayo haina bakuli la kurudisha, nayo ni ya feri. Mama ana miaka mingi ya kuvuka Likoni na hajaizoea. Hupanda akisoma dua chini kwa chini, husimama mbali na mlango, na hatamki neno mpaka miguu yake iguse saruji ya upande wa pili. Hapo husema alhamdulillah kwa sauti na kuanza mazungumzo pale alipoyakatiza. Nilipokuwa kijana niliona haya. Kisha nikakua, nikaelewa kwamba yeye anakumbuka tarehe 29 Aprili 1994, meli iliyojazwa kupita kiasi ilipopinduka Mtongwe na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa wanakwenda kazini asubuhi. Daraja la kuelea la Liwatoni lilipozinduliwa Desemba 2020, alilivuka kwa miguu mara moja, akaliangalia linavyochezacheza, akarudi kwenye feri. Kwa mwenda kwa miguu feri ni bure. Mama husema cha bure nacho kina shukrani yake.

Upande wa Kisauni tuna mama mdogo, anakaa Mtopanga. Kufika kwake tunavuka kisiwa chote na daraja la Nyali, na makanga hutangaza vituo kwa sauti ambayo imeshatoa maana yote kwenye maneno: "Kengeleni, Kengeleni, Kongowea!" Wachache ndani ya matatu hukumbuka kwamba kengele ilikuwapo kweli. Pale Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa shirika la CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, kengele ilitundikwa ili ilie mashua za wafanyabiashara ya watumwa zikionekana. Jina lenyewe ni la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Naitaja kwa sababu moja. Waliokombolewa walitarajiwa washukuru, na washukuru kwa namna iliyochaguliwa na mkombozi: kwa kufanya kazi, kusali, kutii. Baadhi ya wasimamizi wa mwanzo waliwachapa viboko mpaka ikaleta uchunguzi. Nikipita pale huwaza jinsi inavyokuwa nzito shukrani inayodaiwa.

Ya mama mdogo haikudaiwa na mtu. Aliiweka mwenyewe. Mwanawe alipomaliza darasa la nane, mama mdogo aliweka nadhiri kwamba akimaliza kidato cha nne salama, atapika pilau ya watoto wa madrasa yote. Hakusema akifaulu. Alisema akimaliza salama. Anayeishi Kisauni anajua kwa nini. Mtaa huu umeandikwa magazetini mno kwa sababu ya vijana wanaotembea na mapanga, na wengi wa vijana hao walikuwa wanafunzi mwaka mmoja kabla hawajaandikwa. Miaka minne mama mdogo alikuwa akihesabu viatu mlangoni usiku kabla ya kulala.

Karatasi ya mwisho ilifanywa asubuhi. Alasiri ya siku hiyo hiyo kuni zilikuwa zimewashwa. Matokeo hutoka Januari, na binamu yangu mmoja akauliza kama si afadhali kungoja. Mama mdogo akamjibu, mkono ukiwa ndani ya karai la vitunguu saumu, kwamba shukrani ya matokeo ataifanya mwalimu. Wanawake saba walikaa kwenye mbuzi za kukunia nazi na kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanamenya viazi, wanachambua bizari, wanasengenya kwa adabu. Sufuria ilikuwa ya kukodi, ya mchele kilo 15, na kuinua kifuniko ilihitaji watu wawili. Dada wa Dallas alikuwa ametuma pesa za nyama. Pesa za namna hiyo si mchezo: mwaka 2023 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4, na Marekani ndiyo iliyotangulia. Sehemu ndogo sana ya fedha hizo iligeuka kuwa mbuzi wawili Mtopanga.

Mwalimu wa madrasa akasoma dua, ubani ukazunguka, watoto wakakaa watano watano kwa kila sinia. Mtahiniwa mwenyewe aliona haya kupita kiasi. Alikuwa amenyoa upya, amevaa kanzu iliyokuwa fupi kidogo kwake, anazungusha birika ya maji ya kunawa kwa watoto waliokuwa wakimcheka. Kulipokuwa kumebaki ukoko tu, wanawake wakaugombania, na hapo ndipo niliposikia kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Mama mdogo hakucheka. Alikaa kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha, akiangalia viatu vyote vile mlangoni.

Changamwe mambo huenda kwa kelele zaidi. Baba yangu alikuwa Mtaita, alisilimu alipomwoa mama, lakini dada yake alibaki na kanisa lake, na anakaa Chaani, karibu na malori. Jumapili moja ya Novemba hutuita kwenye mavuno ya kanisa. Mtu angeuliza watu wa Chaani wanavuna nini, pale ambapo ardhi yote ina lami, kontena au nyumba ya kupanga. Wanavuna mshahara, shangazi husema, na wananunua mavuno Kongowea. Kweli, madhabahuni hupangwa mihogo, maboga, mikungu ya ndizi, trei za mayai, mchele wa pakiti na kuku waliofungwa miguu ambao hawaheshimu mahubiri.

Ibada ikiisha, mnada huanza uwanjani. Aliyepewa kazi ya kunadi ni fundi wa breki za malori, na ana kipaji. Mwaka jana jogoo mmoja mwekundu aliuzwa mara nne. Wa kwanza alilipa, akamrudisha kama sadaka. Wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mzee mstaafu wa bandari, akalipa shilingi 2,000, akamrudisha. Mwishowe shangazi akamnunua kwa 700, na watu wakampigia makofi kwa sababu alitangaza wazi kwamba yeye harudishi, huyu ni wa mchuzi. Mimi nilimpenda zaidi kwa hilo. Kuna shukrani inayofanywa ili ionekane, na mnadani haikosi. Nimewaona watu wakipandisha bei ya papai kwa kumkomoa jirani wa kiti cha mbele. Lakini paa la kanisa linavuja, na mabati hununuliwa na papai hilo hilo.

Baada ya hapo shangazi huanza kuhesabu siku za kwenda Wundanyi. Chama chake hugawana akiba ya mwaka mapema Desemba. Tiketi ya treni lazima iwahiwe kabla watu wote wa Pwani na wa Nairobi hawajabadilishana mahali. Daraja la kawaida la Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi, lililoanza kwa shilingi 700 mwaka 2017, lilipanda hadi 1,500 mwaka 2024. Yeye hushukia Voi. Hupanda Miritini na mizigo ambayo mlinzi huiangalia kwa masikitiko: mchele, mafuta, sukari, jozi za leso kwa kila mwanamke aliyemlea. Mara moja nilimwuliza kwa nini asiende na mkoba mmoja apumzike. Alinitazama kama niliyemtukana. Wale walimsomesha. Kwenda mikono mitupu ni afadhali asiende, na nina jamaa wawili, si mmoja, ambao kwa sababu hiyo hawajakwenda kwao kwa miaka. Hawajasahau wazazi. Hawana cha kushika mkononi. Hili huwa halisemwi kwenye hotuba za sikukuu.

Linanirudisha nyumbani Likoni, chumba cha sita.

Aliishi humo mpishi wa hoteli moja ya Diani, mkewe aliyesuka nywele barazani, na watoto wawili. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha hoteli ilikuwa imefungwa na kafyu imewekwa, na tarehe 8 Aprili kaunti ya Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Mpishi akawa anakaa barazani akitazama barabara. Wa kusukwa hakuna, nani angethubutu kugusana.

Mama akaanza kupeleka bakuli. La kwanza lilirudi na mchicha. La pili lilirudi na kipande cha sabuni, kimekatwa vizuri kwa uzi. La tatu lilirudi na ndimu moja. La nne halikurudi.

Siku zikapita. Yule mwanamke akaanza kuteka maji usiku, sisi tukiwa tumelala. Akitukuta ukumbini aliangalia chini. Mimi nilikuwa nimefungiwa nyumbani kama kila mtu, sina kazi ya kufanya, nikasema niende nikalichukue bakuli letu. Mama alinikata jicho ambalo bado nalihisi. "Si njaa iliyomshinda humo ndani," akasema. "Bakuli ndilo limemshinda."

Kuanzia kesho yake chakula kilikwenda ndani ya mkebe wa siagi. Mkebe wa siagi hauna mwenyewe, hauna nukta, ukiisha unatupwa. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo mahamri yalifungwa kwa gazeti. Alimtuma mtoto wa chumba cha tatu, ambaye hakuwa akijua lolote, aweke mlangoni na kukimbia. Mwanamke yule akaanza tena kututazama usoni. Siku moja akamsuka mama mistari sita, wakiwa wamefunga barakoa, na hawakuzungumza habari za chakula hata kidogo.

Barabara zilifunguliwa Julai. Asubuhi moja tukaamka chumba cha sita kiko wazi. Walikuwa wamekwenda kwao kabla ya alfajiri. Sakafu imefagiwa, ufunguo uko juu ya kizingiti, na kando ya ukuta ilisimama mikebe saba ya siagi, imeoshwa, imepangwa mmoja juu ya mwingine. Bakuli halikuwapo.

Wa chumba cha pili akasema huo ni wizi. Mama akamwambia anyamaze. Alisema huyu amelichukua ili awe na sababu ya kurudi.

Ni miaka sasa, na hajarudi. Kwa hiyo namwandikia hapa, kwa kuwa sina namba yake na mpishi alibadilisha laini. Dada yangu wa chumba cha sita: bakuli hilo ni la bati, lina ua la buluu ubavuni na nukta mbili nyekundu chini. Mama hadai. Angali chumba cha kwanza, macho yamepungua kidogo, na mlango anauacha wazi kama zamani. Ukipita Likoni, ingia hata mikono mitupu. Mbaazi hupikwa Jumamosi.